Datsun 240Z: niweke 20W-50 au 15W-40? Presha ya oili inalala injini ikipata moto

Zed_wa_Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nina Datsun 240Z, injini ya L24 iliyotoka nayo kiwandani, na wikiendi hii namwaga oili. Asubuhi presha iko vizuri. Injini ikishapata moto, nikiwa kwenye foleni mshale unalala karibu na sifuri, nikikanyaga mafuta unapanda. Fundi wangu anataka 20W-50 ya kawaida, jirani ananiambia 15W-40 ya dizeli, dukani wananisukumia sinthetiki ya 5W-30. Niende na ipi?

Fundi_Grogan
Kaka, umeuliza nusu swali. Gari ni ya mwaka gani? Geji ni ya dashibodi au umefunga ya mrija, ile inayoletewa oili yenyewe? Inatoa moshi? Oili inapungua? Iliyomo sasa ni ipi? Bila hayo tunapiga ramli.

Zed_wa_Njiro
Ni ya 1972. Geji ni ile ya dashibodi. Moshi wa bluu kidogo nikiwasha asubuhi, halafu unakata. Iliyomo siijui, aliyeniuzia hakusema.

MamaZ_Nyali
Moshi wa asubuhi unaokata, anza kushuku sili za valvu kabla ya ringi. Usikubali mtu akufumulie injini kwa hilo. Oili weka 20W-50. Kwa joto letu la pwani sijaona sababu ya kwenda nyepesi zaidi, na hiyo 5W-30 warudishie wenyewe, injini ya miaka hiyo haikutengenezewa oili nyepesi hivyo.

Dizeli_Damu
15W-40 ya CI-4 (daraja la oili za dizeli), basi. Kwenye L24 kamshafti inasugua roka (vile vimikono vinavyosukuma valvu) moja kwa moja, hakuna rola katikati. Kinachozilinda ni zinki na fosforasi, na oili za petroli za siku hizi zimepunguzwa hivyo vitu ili visiharibu katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Za dizeli bado zinavyo.

MamaZ_Nyali
Hapo umechanganya, kaka. Kikomo cha fosforasi cha API (taasisi ya petroli ya Marekani) kwenye madaraja ya oili za petroli ya SM na SN, asilimia 0.08, kinashika oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. 20W-50 haimo. Halafu oili ya dizeli ina sabuni nyingi. Injini ambayo hujui ilikuwa inakunywa nini, unaisugua ghafla ya nini?

Mzee_Kamshafti
Huyo dada msikilizeni. Marehemu kaka yangu alikuwa na gari kama hili. Gereji moja ikamshauri asafishe injini kwa dawa ya kumimina. Wakamimina, wakaiacha ingurume, wakamwaga, wakaweka oili mpya. Haikupita muda, juu kukaanza kugonga tik-tik-tik. Akarudi, wakamrekebishia tapeti. Ukakata, ukarudi. Wakarekebisha tena, na kila mara bili.

Mwishowe tukafungua tapeti kava wenyewe. L24 ina kile kibomba chenye vitundu kinachonyunyizia oili juu ya kamshafti. Vitundu vya nyuma vilikuwa vimezibwa na tope jeusi, gumu, mpaka tulichokonoa kwa waya wa gitaa. Ile dawa ilibandua uchafu wa miaka na kuupeleka huko. Nundu mbili za kamshafti zilikuwa zimelika, ncha zimekuwa butu, na usoni mwa roka ukipitisha ukucha unanasa. Kamshafti na roka zote zikabadilishwa pamoja, maana roka iliyolika inakula kamshafti mpya. Gereji wakasema oili ndiyo ilikuwa feki. Ilinunuliwa kwao!

Kijana, kabla ya kununua chochote fungua tapeti kava, tazama kile kibomba.

Dizeli_Damu
Shikamoo mzee. Pole sana. Lakini hiyo ni dawa, si 15W-40. Mimi bado nasimama pale pale.

Safari71
Watu walishinda Safari Rally na hizi gari kwenye matope na vumbi, nyie mnaogopa foleni? Shekhar Mehta 1971!

Fundi_Grogan
1971 ni Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mehta alikuwa wa pili, naye kwenye 240Z. Yeye alishinda 1973, tena kwa kulingana pointi na Harry Källström, wakatenganishwa kwa nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu.

Turudi kwenye presha. Sensa ya geji hizo ni ya umeme na huongopa sana zikizeeka. Funga geji ya mrija, pasha injini moto, kisha soma. Kipimo cha mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Ukiwa chini ya hapo, tatizo ni pampu au beringi, na oili nzito itakufichia tu. Na uangalie uzi: ni BSPT (uzi wa Kiingereza) ya inchi 1/8, adapta nyingi madukani ni NPT (wa Kimarekani). Zinaingia mizunguko ya mwanzo halafu zinakula uzi wa bloku.

Zed_wa_Njiro
Asante mzee, asanteni wote. Jumamosi natoa tapeti kava na kufunga geji. Adapta ya BSPT Arusha naipata wapi?

MamaZ_Nyali
Jaribu wauza vifaa vya hidroliki, si maduka ya spea.

Safari71
Tukiwa hapo hapo, nani anajua zinakouzwa tairi za rimu ya inchi 14 zenye upana wa milimita 175? Nimezunguka Nairobi nzima naonyeshwa za Probox tu.

Dizeli_Damu
175 nyembamba hizo, weka 195.

MamaZ_Nyali
195 usukani utakuwa mzito, haina pawa stering hiyo.