Kilwa Kisiwani na baba mwenye magoti mabovu: tusikose nini?

BintiMbagala:
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa historia. Kafundisha habari za Kilwa, ule mji wa kale wa kisiwani wenye magofu, miaka na miaka, na hajawahi kuikanyaga. Mwezi ujao nampeleka. Tutalala Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo huku bara, asubuhi tuvuke. Magoti yanamsumbua, hawezi mwendo mrefu. Muda ukibana, kipi tusikikose?

Msafiri_Kusini:
Gereza, ile ngome ya kale, liko karibu na mnaposhukia, halitamsumbua. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, ila mnaloliona leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani. Kibali cha kuingia magofuni kateni Masoko kabla ya kupanda boti.

MwanaKisiwani:
Dada, mpeleke mzee Msikiti Mkuu, umwache akae. Mimi nimezaliwa hapa, na huwa inaniuma kuona mgeni anapiga picha mbili tatu kisha huyoo, Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani.

Anzieni upande wa kaskazini, kwenye kibla. Hiyo ndiyo sehemu kongwe, ya karne ya 11 au 12, paa lake halipo tena. Halafu rudini kusini taratibu. Huko ni nguzo na matao, kuba juu ya kuba, na mwanga unaingia kwa vipande. Upanuzi huo ulianza mapema karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta hapa alipofika mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilikuwa inapita mikononi mwa Kilwa, fedha ya kujengea ilikuwepo. Mzee asogee karibu na ukuta: chokaa ilipobanduka, matumbawe yanaonekana na vijishimo vyake, mawe ya bahari yetu hii hii.

Hapasaliwi tena, lakini ni msikiti. Jisitirini, na watoto wasipande kuta. Magofu haya yalikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na waliofanya kazi ya kuyaokoa walitoka jasho.

Husuni Kubwa iko mashariki, zaidi ya kilomita moja, juu ya jabali. Kwa magoti hayo mimi ningeiacha.

BintiMbagala:
Ahsante sana kaka. Tatizo ni lile bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa. Wanafunzi wake wote aliwachorea ubaoni. Hatakubali kuliacha.

MwanaKisiwani:
Kama ni hivyo, usimnyime. Fanyeni siku mbili: ya kwanza msikiti na Gereza, ya pili Husuni Kubwa peke yake. Mwambieni nahodha awapeleke kwa boti hadi upande ule, halafu mpande polepole na mzee ashikwe mkono. Saa za maji muulizeni jioni ya kuamkia safari. Yakijaa boti inasogea karibu. Yakipwa, mzee atakanyaga matope.

BintiMbagala:
Siku mbili basi. Leo hii namwambia.