Majumba ya Mizingani: yakodishwe au yabaki ya umma?

Mwana_Malindi
Asalaam aleikum wadau. Nina swali moja na naomba tusitoke nje ya uzi. Ile safu ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kutoka Forodhani mpaka karibu na bandari: jumba la Ajaib, kasri la Beit al-Sahel, Forodha ya zamani, ile Zahanati yenye baraza za mbao zilizochongwa. Serikali iyashike yote, au yanayoweza kulipa yakodishwe? Jumba la Mambo Msiige kule Shangani limefunguliwa kuwa hoteli 2015, na limesimama. Ajaib ilikuwa makumbusho, na siku ya Krismasi 2020 sehemu yake ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, tukapoteza watu wawili. Mimi nasema kodisheni. Na hao wanaopiga kelele za urithi wengi wako London na Muscat, wanakuja Agosti kula urojo na kupiga picha.

bint_shangani
Wa London ndiye mimi, na urojo nakula mwezi wowote nikitaka. Nyumba ya bibi yangu ilitaifishwa baada ya Mapinduzi, akaondoka na mkoba mmoja. Majumba haya wamejenga wazee wetu, halafu tukiyasemea tunaambiwa watalii. Tuyasemee nani, wewe?

Kipanga_Ngambo
"Wamejenga wazee wetu." Kwa mikono ipi, dada? Sultani Sayyid Barghash alijenga Ajaib 1883 kwa pesa ya karafuu na ushuru wa forodha. Karafuu ilichumwa na nani? Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897. Piga hesabu. Na chini ya nguzo za Ajaib wamezikwa watu, kila mtoto wa mtaa wetu wa Ng'ambo anajua.

mkuu_temeke
Hata Mambo Msiige. Tulipokuja na ofisi, mtembezaji alituambia walifukiwa ukutani wazima wazima na chokaa ikachanganywa na mayai. Maelfu ya mayai. Nikawaza hao kuku walikuwa wapi.

fundi_chokaa
Mayai, mayai. Kila mgeni anashuka botini na mayai yake. Nimebomoa na kujenga kuta za Mji Mkongwe tangu kijana, sijakuta fupa la mtu. Kinachoshika nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa ikalowekwa mpaka ikalainika, na boriti za mikoko. Boriti haivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba, awe tajiri awe maskini. Ajaib ni jambo jingine kabisa. Mule ndani mna mihimili ya chuma na sakafu za zege, na nje nguzo za chuma cha kumimina zinabeba baraza za kila orofa. Chuma na hewa ya bahari, yakhe! Paa likivuja, chuma kinaota kutu, kinavimba, kinapasua kila kilichokizunguka. Halafu aje mtu aupige ukuta wa chokaa plasta ya saruji, unyevu ukose pa kutokea, jiwe lilike kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Mizinga ya Waingereza haikuliangusha lile jumba, limeangushwa na maji ya mvua. 2012 sehemu ya baraza ilishaanguka. Watu walipita chini yake, wakaangalia juu, wakaenda zao.

mkuu_temeke
Mizinga ile ya vita ya dakika 45, si 1890? Tulisoma shuleni, fupi kuliko zote duniani.

bint_shangani
27 Agosti 1896. Wengine wanahesabu dakika 38, wengine 40 na kitu. Iliyosagwa ni Beit al-Hukm, iliyokuwa katikati ya Ajaib na Beit al-Sahel, pamoja na mnara wa zamani uliokuwa mbele ya Ajaib. Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani, akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Na waliopiga ndio waliokuja kukaa ndani ya Ajaib kama ofisi, kuanzia 1911. Hayo hamuyasemi, mnasema Waarabu tu.

mkuu_temeke
Dada anawalaumu Waingereza akiwa London. Kodi ya nyumba anamlipa nani?

Kipanga_Ngambo
Na wewe fundi usitufunike kwa plasta. Hadithi ya mifupa inaweza kuwa ya kuuzia watalii. Waliobeba mawe kutoka pwani hawakuwa hadithi.

fundi_chokaa
Nani kasema hawakubeba? Nimesema mayai.

Bi_Kiponda
Wanangu, punguzeni sauti. Beit al-Sahel ilikuwa ya Sultani mpaka Januari 1964, na mimi mtoto wa skuli niliiona kwa nje tu. Ilipofanywa makumbusho 1994 nikaingia na kiatu changu cha sokoni, nikasimama mbele ya vitu vya Bibi Salme, binti wa Sultani Said, hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Kuna hoteli moja ya nyumba ya zamani, siitaji, nilitaka kumwonyesha mjukuu ua wa ndani tu. Kijana wa mlangoni kaliangalia buibui langu juu chini. Na msiseme ni hoteli au magofu. Hiyo Zahanati aliianza Tharia Topan 1887, yule mkuu wa forodha, akafa 1891 kabla haijesha. Ikaja kuchoka, boriti na mapambo yote. Watu wa shirika la Aga Khan wakaikarabati miaka ya tisini, wala hawakuigeuza kuwa vitanda vya wageni.

Mwana_Malindi
Bi mkubwa, shikamoo. Lakini huyo kijana wa mlangoni huenda ni mtoto wa jirani yako, na mshahara wake unatoka kwenye hivyo vitanda.

Bi_Kiponda
Marahaba. Kama ni mtoto wa jirani, basi angenisalimia.

bint_shangani
😂😂 Mwana_Malindi kaa chini.

Kipanga_Ngambo
Msicheke mkapita. Kwenye hayo makumbusho, chumba cha Salme kipo. Chumba cha waliokuwa wakimfulia Salme kiko wapi? Mimi hoteli siitaki, na makumbusho ya vitanda vya masultani siyataki pia.

Mwana_Malindi
Kwa hiyo unataka nini? Swali lilikuwa kukodisha au kutokodisha.

Kipanga_Ngambo
Swali lako lilianza kwa kutukana watu, ndiyo ukajibiwa hivyo.

fundi_chokaa
Akae mtalii akae waziri, mimi naulizia chokaa. Inatakiwa ilowekwe miezi kabla ya kutumika, mikoko haikatwi bila kibali, na vijana wanaojua kuipiga chokaa wameenda kujenga kwa tofali za saruji, kwa sababu huko wanalipwa Ijumaa. Mkiniletea mafundi ishirini wa kweli nitawaambia jumba gani linaweza kuwa nini.

mkuu_temeke
Wadau, fundi anatafuta tenda.

fundi_chokaa
Natafuta. Una namba ya mtu?