Sehemu gani ya gemu inatisha kweli, na inatishaje?

Kasri_Roysambu
Wadau, salamu. Jumamosi usiku tutakuwa watu sita kwenye bedsita moja Roysambu. Tuna PS4 Slim, TV ya inchi 43, laptopu ya zamani isiyo na nguvu, na simu za Android. Wengi wao hawajui gemu nyingine zaidi ya mpira na magari. Nataka usiku wa kutisha, ila si wa kurushiwa sura usoni kila dakika mbili mpaka watu wazoee na kuanza kucheka.

Anayezifahamu hizi gemu anitajie sehemu yenyewe, jina la gemu peke yake halinisaidii. Iko wapi, kwa nini inashtua, na mgeni akifika hapo afanye nini asife mara kumi akachoka. Kama kuna kitu cha kuseti kwenye TV au sauti, semeni pia. Hadithi za "nilipokuwa mdogo" zikae kando, hizo tunazo za kutosha.

Fundi_wa_Padi
Alien: Isolation (2014), misheni ya 5, hospitali ya San Cristobal. Ukiwa na nafasi ya gemu moja tu, weka hiyo.

Uko kwenye kituo cha angani kiitwacho Sevastopol, na kuna mnyama mmoja huwezi kumuua. Ubora wake uko kwenye jinsi anavyoendeshwa. Gemu ina akili mbili. Ya kwanza inajua ulipo saa zote. Ya pili, inayomwendesha mnyama, haijui. Ya kwanza huidokezea tu kwamba uko upande fulani, halafu mnyama anakuja kupekua kwa macho na masikio yake mwenyewe. Presha ikizidi kiwango, ile ya kwanza inamwondoa, anapanda kwenye mabomba ya hewa darini, unapumua kidogo, kisha anarudishwa. Kwa hivyo hakuna njia ya kukariri. Ukifa ukarudi, safari hii anaweza kutokea mlango mwingine kabisa.

Makosa ya wageni ni yale yale. La kwanza ni kukimbia: hatua zako anazisikia, na mbio humwezi. La pili ni kushikilia mkononi muda wote kipima-mwendo, kile kifaa kinachoonyesha kitu kinachosogea karibu nawe. Mlio wake akiwa karibu anausikia, na ukikiinua macho yako yanaona kioo chake huku chumba kikiwa ukungu. Kiinue sekunde mbili, kishushe. La tatu ni kuingia kabatini wakati ameshakuona. Atakung'oa humo humo. Ukiingia bila kuonekana akaja kunusa kwenye matundu ya mlango, vuta stiki nyuma na ushikilie kitufe cha kuzuia pumzi, usikiachie mapema. Uhai utapungua kidogo kidogo, vumilia.

Halafu angalia dari. Ukiona ute unadondoka kutoka tundu la bomba, usipite chini yake. Yuko hapo anasubiri.

Kusevu kwenyewe ni adhabu. Unaweka kadi kwenye mashine ya ukutani, unangoja taa ziwake moja baada ya nyingine, na muda huo wote dunia haijasimama. Anaweza kukuchukua mgongoni ukiwa na taa moja iliyobaki. Hapo ndipo pa kumkabidhi padi yule anayejidai zaidi.

Mkiwa na ile kamera ya PS4, kuna chaguo la gemu kusikiliza kelele za chumbani. Mkipiga mayowe mnyama anasikia. Kwa Roysambu lakini, honi ya matatu tu inatosha kumwita, kwa hivyo funga dirisha kwanza.

Kasri_Roysambu
Hiyo ya taa imenimaliza. Na Resident Evil? Kila mtu anataja mbwa wa dirishani.

Mlinzi_wa_Zamu
Mbwa wa 1996 ni somo, lakini kwa wageni wa leo hawatoshi, picha ni ya zamani. Kilichofanya kazi pale ni korido tupu, kamera isiyosogea iliyofungwa kwenye kona, na madirisha yaliyoonekana kama pambo tu. Mtu alikuwa ameshaamini ukuta ni ukuta. Walipoitengeneza upya mwaka 2002 wakawachezea waliokuwa wakiijua: unapita mara ya kwanza, kioo kinapasuka ufa, hakuna mbwa. Wanakuja baadaye, ukiwa umeshajiambia sehemu hiyo imeondolewa.

Kwa PS4 yako chukua Resident Evil 2 ya 2019, kituo cha polisi. Zamani mlango ulikuwa kinga. Ukiufunga nyuma yako, yaliyobaki chumba kile yamebaki. Nemesis, jitu la Resident Evil 3 ya 1999, aliuvunja huo mkataba kwa kukufuata mlangoni, na Mr. X, jitu linalokuwinda kwenye hii ya 2019, akaendelea kutoka hapo. Anatokea kwenye korido ya ghorofani, anainua mabaki ya helikopta kwa mkono mmoja kama anayesogeza stuli, kisha anaanza kutembea. Hakimbii. Unamsikia buti ghorofa ya juu, kisha ngazini, kisha mlango unafunguka.

Utamu kamili uko hapa. Kwenye korido kadhaa za kituo hicho kuna Licker, wale wasio na ngozi, ulimi mrefu. Hawaoni, wanasikia tu. Dawa yao ni kutembea taratibu kabisa, stiki ukiisukuma kidogo tu, bila risasi. Mr. X naye dawa yake ni kukimbia. Sasa wakikutana kwenye korido moja, kila dawa ni sumu ya mwenzake. Ukikimbia Licker anaruka. Ukinyata, buti zinakufikia. Hakuna video ya kushtukiza hapo wala muziki uliopangwa na mtu. Ni kanuni mbili zilizogongana, na mchezaji anajua vizuri kabisa anachotakiwa kufanya, ila hawezi kukifanya.

Mgeni umwambie mambo matatu. Risasi hazimuui Mr. X, ila zikimwingia za kutosha anapiga goti kwa muda, na hiyo ndiyo nafasi ya kupita. Usimalizie risasi zako hapo. Mlio wa bunduki unamvuta aje, kwa hivyo kumpiga zombi mmoja asiye na haja ni kumpigia Mr. X simu. Tatu, vyumba vidogo vya kusevu kama kile cha kusafishia picha haingii, lakini ukumbi mkubwa wa mbele anaingia, ingawa una mashine ya kusevu. Wengi hufia hapo wakidhani wamefika nyumbani.

Tumbo_Joto
Mnazunguka sana. Five Nights at Freddy's (2014), imeisha. Laptopu yoyote inaibeba.

Mlinzi_wa_Zamu
Ndiyo ile aliyosema hataki, sura usoni.

Tumbo_Joto
Sura ni risiti tu, malipo umeshayafanya kabla. Wewe ni mlinzi wa usiku kwenye mgahawa wenye wanasesere wa mitambo wanaotembea kukutafuta. Umeketi kiti kimoja kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ya gemu, milango miwili, taa mbili, kamera, na stima ina asilimia. Kila unachowasha kinaila. Mlango ukiufunga muda wote utafika saa kumi ukiwa na sifuri, giza linaingia, na Freddy, mmoja wa wanasesere hao, anasimama mlangoni akipiga kamuziki kake kabla ya kukumaliza. Mkenya yeyote aliyewahi kuangalia token za stima zikihesabu kushuka anaielewa hii bila kufundishwa.

Ushauri: kamera fungua kwa kifupi, ufunge. Pale kwenye pazia la Foxy, mwanasesere mwingine, pachungulie mara kwa mara bila kukaa. Usipomtazama kabisa atatoka mbio korido ya kushoto. Taa ya mlango bonyeza, angalia, achia. Mlango funga ukimwona mmoja wao tu. Mpeni kila mmoja usiku mmoja, na anayekufa anapisha.

Kiberiti_Kimoja
Kwa laptopu yako dhaifu kuna kitu bora zaidi: Amnesia: The Dark Descent (2010). RAM ya GB 2 inatosha kuianzisha. Huna silaha yoyote. Gizani akili ya mhusika inapungua, picha inapinda. Ukiwasha taa unaonekana. Mafuta na vibiriti ni vya kuhesabu, kwa hivyo washa mishumaa ya sehemu unazojua utarudi, za kupita mara moja ziache.

Sehemu ya kuonyesha ni chumba cha chini kilichofurika maji. Kuna kitu humo majini hakina mwili wa kuonekana. Unachoona ni maji yakiruka, chap, chap, chap, yakikufuata. Ukiwa juu ya boksi hakufikii. Unaruka boksi hadi boksi, na panapokosekana boksi unarusha kipande cha nyama kilichopo pale mbali na njia yako. Maji yanaelekea kule, unashuka na kukimbia. Anayekosea hurusha nyama karibu mno au anashuka kabla maji hayajageuka. Milango ifunge nyuma yako, itamchelewesha.

Hakuna sura ya kuzoea hapo, maana hakuna sura. Watu sita wataona viumbe sita tofauti.

Sauti_Kwanza
Yote haya yataharibika kama TV yako imeachwa ilivyotoka dukani. Naanza na giza. Kwenye PS4 fungua mipangilio ya sauti na skrini, tafuta RGB Range, yaani kiwango cha weusi na weupe kinachotumwa kwa TV, iache Automatic. Ikiwa Full na TV inategemea Limited, kila kivuli kinakuwa lami. Hamtaogopa, mtakuwa hamuoni. Kinyume chake picha inapauka, usiku unakuwa kijivu. Kisha zima kwenye TV kile kinacholainisha mwendo na kile kinachobadilisha mwanga chenyewe, uweke modi ya gemu ili padi isichelewe. Gemu ikikuambia usogeze mwanga hadi alama ya kushoto ionekane kwa shida, mtii. Watu huongeza ili waone vizuri, kisha wanalalamika haitishi. Na fanya hivyo taa ya chumba ikiwa imezimwa, si saa tisa mchana pazia likiwa wazi.

Sauti ndiyo kubwa zaidi. Spika za TV huangalia ukutani, hazitakuambia buti ziko kushoto au juu. Mchezaji avae hedifoni, wengine wasikie kwa TV? Haiwezekani kirahisi: ukichomeka hedifoni kwenye padi na kuchagua All Audio, TV inanyamaza. Ukiacha Chat Audio, hedifoni inabaki kimya na mtu anadhani imeharibika. Kwa watu sita tumia spika mbili za kawaida, moja kila upande wa TV, usawa wa masikio ya waliokaa. Subwufa usiibandike ukutani kwa jirani, vinginevyo kitakachogonga mlango saa saba usiku ni caretaker.

Sauti pia haihitaji kuwa juu. Silent Hill ya 1999 ilikupa redio mbovu inayokoroma kiumbe akikaribia, bila kukuambia yuko upande gani, na ukungu ukafunika mengine. Ukungu huo ulificha pia udhaifu wa PlayStation ya kwanza, ambayo haikuweza kuchora mji hadi mbali. Upungufu ukawa pambo.

Na stima: ikipotea wakati PS4 inasevu, faili linaweza kuharibika. UPS (betri ya akiba ya stima) ndogo ya 650VA inatosha kubeba PS4 Slim na TV ya inchi hizo kwa dakika chache za kusevu na kuzima. Ikizimika ghafla na kuanza kusumbua, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mlio wa pili, unganisha padi kwa waya wa USB, chagua nambari 5, Rebuild Database. Nambari 7 usiiguse, inafuta kila kitu.

Kasri_Roysambu
Asante, RGB nimeikuta Full kweli. Swali mbili: kuna mtu anauza PS4 akisema ina P.T. ndani, bei imeruka. Ina maana? Na hizo simu je?

Fundi_wa_Padi
P.T., onjo la gemu ya Silent Hill ambayo haikukamilika, ilitolewa Agosti 2014 bure, ikaondolewa dukani mwaka 2015. Korido moja yenye kona, unatoka mlango wa mwisho unajikuta mlango wa kwanza, kila mzunguko kitu kimoja kimebadilika. Baadaye mtu alipoisogeza kamera nje ya mipaka yake ikaonekana kwamba ukishapata tochi, Lisa, mzimu wa nyumba hiyo, anakuwa ameunganishwa mgongoni mwako. Ile sauti na kile kivuli havikuwa mapambo. Kuhusu kununua: iwashwe mbele yako, ifunguke hadi uingie koridoni. Alama tu kwenye skrini haitoshi, na ikishafutwa haipakuliki tena dukani. Kwa usiku mmoja, siyo thamani ya hiyo pesa.

Kiberiti_Kimoja
Simu: Granny (2017), bure, siku tano za kutoka nyumbani kwa bibi anayesikia kila kitu. Ukiangusha chombo anakuja. Wajanja huangusha makusudi chumba kimoja kisha wanazunguka upande wa pili. Mbao zinazolia zikumbuke.

Mwenye Minecraft, kuanzia toleo la 1.19, ashuke Deep Dark, eneo la giza chini ya milima, chini ya Y 0 (Y ni kipimo cha kina). Anyate. Shrieker, kile kipande cha ardhini kinachopiga kelele, ikilia mara ya nne, jitu liitwalo Warden linachimbuka: uhai 500, wako 20, kipofu, na mpigo wake wa sauti unapenya ukuta na ngao. Asikanyage shrieker hata akinyata. Atandike sufu njiani, haitoi mtetemo. Warden akishatoka, rusha mpira wa theluji mbali naye, simama kimya. Asiposikia chochote kwa sekunde 60 anarudi ardhini. Sekunde 60 bila kugusa kioo cha simu, na watu watano wamekuinamia mabegani.