Naomba ushauri: hatifungani au kiwanja?

Habari zenu wakubwa. Nina miaka 26, nafanya kazi benki hapa Kampala. Baada ya kodi na ile 5% ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni (mwajiri anaongeza 10%), nabaki na shilingi milioni 6 hivi. Milioni 2 naziweka mfuko wa pamoja wa uwekezaji kila mwezi, maana huko natoa haraka nyumbani Tororo wakiniita, na wananiita sana. Ada za wadogo zangu wawili ni juu yangu.

Nafikiria hatifungani za serikali za miaka 10, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ambazo riba yake hukatwa kodi 10% badala ya 20%. Baba anasisitiza kiwanja Mukono kwanza. Namheshimu, ila migogoro ya hati inanitisha.

Nianze na lipi? Na nibakize matumizi ya miezi mingapi kabla ya kufunga pesa?