Eti "simu yako nzima, tatizo umeme wako"!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wale jamaa zetu wa simu za mezani, siwataji, kila mtu anawajua, dakika kumi zilizopita wamenitukana kistaarabu. Eti "simu yako nzima mzee wangu, tatizo umeme wako."

Umeme WANGU!

Miezi miwili nyuma walikuja vijana wawili wakang'oa waya wa shaba, wakauviringisha mbele ya macho yangu kama kamba ya kuanikia nguo, wakanifungia ukutani kiboksi cheupe cha faiba chenye vitaa vinne vya kijani. Eti mtambo wa zamani kule kituoni unazimwa, sasa sauti inapita kwenye intaneti. Nikasaini. Hakuna aliyefungua mdomo kusema kiboksi kinakula umeme wa nyumba.

Jana usiku umeme umekatika, mama kabanwa na kifua, nanyanyua mkonga wa simu, kimya. Ule mlio wa tuuuu haupo, vitaa vyote vinne vimekufa, simu ya mkononi nayo imezima chaji, nikatoka mbio gizani kumgongea jirani mwenye gari. Mama anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Sasa leo nawapigia, bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki, muziki, mtoto anaweza akazaliwa akamaliza chuo, ndio kijana anapokea ananiambia SIMU YAKO NZIMA TATIZO UMEME WAKO.

Simu ya zamani ilikuwa inakula umeme wa kituo chao! Volti 48 kutoka kwenye mabetri yao, zinapita humohumo kwenye waya wa sauti, mtaa mzima giza ila ukinyanyua mkonga inalia. Wameng'oa umeme wao halafu tatizo umeme wangu. Wangu!

Kisebusebu: Pole ya mama mkuu. Ila simu ya mezani mpaka leo? Unaishi na dinosaria?

Mleta uzi: Dinosaria wangu alikuwa anaita daktari gizani. Wako je?

FundiWaya: Yuko sahihi huyu. Kile kiboksi kinatakiwa kiwe na betri ya akiba, na hiyo nayo inashika masaa tu. Walipaswa kumwambia kabla hajasaini.

KaratasiMbili: Afadhali nyie. Mi faksi yangu tangu wahamie huko inakatika katikati ya ukurasa, sauti ikishabanwa na kukatwa vipandevipande mashine haielewi kitu. Na alamu ya mlangoni iliyokuwa inapiga kwa laini ile ile imekuwa pambo.

Babu Opereta: Visa vya simu na mitambo havijaanza leo. Almon Strowger wa Marekani alikuwa mzishi, akaamini opereta anawapeleka wateja wake kwa mshindani, kwa hasira akabuni swichi inayounganisha simu yenyewe, akapata hataza (haki ya kumiliki ubunifu wake) 1891.

Kisebusebu: Kwahiyo mleta uzi asubiri mzishi?

Mleta uzi: Nimesema mama anaendelea vizuri!! Ishu ni yule kijana, eti umeme WANGU

Nyuki Mkali: We umepokelewa na mtu unalalamika? Mi wiki ya pili nasikiliza kinanda tu.

KaratasiMbili: Sio kinanda, ile filimbi.

Nyuki Mkali: Kinanda mkuu. Nimekisikiliza lisaa lizima juzi.

FundiWaya: Filimbi. Kinanda ni ukibonyeza tatu.