Maporomoko ya Sanje (Udzungwa): nusu siku inatosha, na mama mkwe yumo?

BabaPacha_Tabata:

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa nane tunakwenda Ifakara, kuna kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Ibada ni Jumapili lakini sisi tunafika Alhamisi jioni, na najua kabisa Ijumaa nikibaki pale nyumbani nitatiwa kwenye kamati ya chakula. Kwa hiyo asubuhi nataka nitoke na familia twende Sanje, kwenye yale maporomoko ya Udzungwa ambayo watu wanaogelea kwenye mabwawa yake. Saa nane au saa tisa mchana niwe nimerudi Ifakara, nisije nikaonekana nimetoroka.

Msafara wenyewe: mimi, mke wangu (hajui kuogelea na hataki kujua), pacha wetu wa miaka tisa, na mama mkwe. Mama ana sitini na ushee. Alisikia tunaongelea maporomoko akasema na yeye yumo, na pale nyumbani hakuna wa kumwambia hapana.

Maswali yangu: nusu siku inatosha kweli? Mwongozaji ni lazima, au tunaweza kujipandia wenyewe kwa kuulizia wanakijiji? Mlima ukoje? Na jambo la aibu kidogo: mtu anaogaje mbele ya mama mkwe?

Usafiri ninao, Noah.

DerevaWaMiwa:

Kaka BabaPacha, umefika kwa mwenyewe. Mimi ni wa Sanje, nimezaliwa hapo chini ya mlima. Kabla sijaanza kuendesha malori ya miwa nilikuwa kibarua wa kufyeka njia na kuwabebea watafiti mizigo humo humo msituni. Kwa hiyo nitakujibu kirefu, uniwie radhi.

Nusu siku inatosha kabisa, ila nusu yenyewe iwe ya asubuhi. Ondokeni Ifakara saa kumi na mbili. Barabara siku hizi si ile ya vumbi na mashimo, saa moja na kitu mko Mang'ula. Hapo ndipo makao makuu ya hifadhi na lango kuu, na hapo ndipo mnajiandikisha na kulipia. Usipitilize moja kwa moja mpaka Sanje ukidhani utalipia kijijini. Sanje iko mbele, kama kilomita tisa au kumi ukielekea Kidatu. Mkishamaliza mambo ya lango, mwongozaji anapanda kwenye Noah yako mnakwenda naye mpaka njia inapoanzia.

Mwongozaji ni lazima, na usitafute kijana wa kuwapitisha kwa mlango wa nyuma. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 1992, siyo kilima cha kijiji. Halafu kuna tembo. Watu wakisikia msitu wa mlima wanadhani ni wa nyani tu, lakini tembo wa Udzungwa wanapanda miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili. Mara nyingi humwoni mwenyewe, unaona kinyesi chake katikati ya njia, na mwongozaji anakiangalia, anakigusa kwa fimbo, kisha anaamua kama mnaendelea kuongea kwa sauti au mnanyamaza. Uamuzi huo sitaki uufanye wewe.

Sasa mlima. Njia ya Sanje ni mzunguko wa kama kilomita tano, na kwenye karatasi zinaonekana chache. Ni kali. Unaanza kupanda karibu na pale ulipoacha gari na huachi mpaka mapaja yakukumbushe umri wako. Wageni wanaharibikiwa dakika ishirini za mwanzo: wanatoka mbio, wanaongea, wanapiga picha, halafu kabla hawajafika hata nusu wamekaa kwenye mzizi wanaulizana nani alileta hili wazo. Mwongozaji mzuri utamjua hapo hapo, kwa sababu anatembea polepole mpaka unaona aibu. Mwache aende hivyo hivyo. Pacha wako watataka kumpita, wakatazeni. Kwa mwendo huo, kupanda, kuoga na kushuka ni kama saa nne. Mkianza saa mbili na nusu, saa sita na nusu au saa saba kasoro mko kwenye gari.

Maporomoko yote kwa pamoja ni mita 170, ila maji hayashuki kwa mkupuo mmoja. Yamekatika hatua kwa hatua, na maji yanapotua ndipo penye mabwawa. Ukiwa barabarani unaona mstari mweupe tu mlimani, na wengi wanaridhika na huo mstari. Ukipanda, unaanza kusikia mvumo kabla hujaona kitu, halafu ubaridi unakupiga usoni wakati bado uko chini ya miti, halafu majani yote yamelowa na hakujanyesha. Ukiona majani yamelowa hivyo, umefika.

Kwenye bwawa angalia jambo moja: pale maji yanapoangukia hapasogelewi. Yanavuta chini, na hujui juu kuna jiwe gani limelegea. Kaa upande wa kutokea, ambako maji yametulia na unaona changarawe chini. Usiruke kwa kichwa hata kama umeona mtu karuka. Mawe ya pembeni yana utando wa kijani unaoteleza vibaya, kwa hiyo watoto waingie na viatu vya plastiki, yebo yebo zinatosha. Maji ni baridi, nakwambia baridi ya kukata pumzi. Ingia kidogo kidogo, magoti, kiuno, kisha uzame. Watoto wakianza kutetemeka midomo, watoke waote jua, wakatae wasikatae.

Mwezi wa nane umechagua vizuri. Ni kiangazi, maji ni machache kuliko ya masika lakini hayakauki, na njia haitelezi. Machi mpaka Mei ni kuangalia tu na kupiga picha. Hata kiangazi, mkiwa majini mkaona maji yamebadilika rangi ghafla au vijiti na majani vinaanza kuja, tokeni bila kujadiliana. Huko juu kumenyesha nyie hamjui.

Habari ya mama mkwe nakuja nayo, kuna mtu ananipigia honi.

Mtembezi_Moro:

DerevaWaMiwa kasema kweli juu ya asubuhi. Sisi tulikwenda na kampuni moja ya utalii, sitaitaja, ikatutoa Dar usiku, ikatuzungusha kwanza Mikumi kutafuta simba, tukafika Sanje saa nane mchana. Tukapandishwa mbio mbio, tukapewa dakika kumi za kuoga, tukashushwa kwenye giza la msitu (msituni giza linaingia mapema kuliko barabarani). Simba wenyewe hatukuwaona. Mtu akikuuzia Mikumi na Sanje kwa siku moja, mwambie ahsante.

Ila BabaPacha, kama shida yako ni mama mkwe na mlima mkali, umefikiria Materuni kule Moshi? Njia ni ya kijijini, katikati ya migomba, na ukishuka wanakutwangia kahawa.

DerevaWaMiwa:

Mtembezi, mwenzio anakwenda Ifakara, wewe unampeleka Moshi! Materuni ni kuzuri, sibishani, ila kipaimara atakisikiliza kwa simu.

Tuje kwa mama. Kaka, mimi nisingemzuia. Wamama wa umri huo nimewaona wakipanda vizuri kuliko vijana wa mjini, kwa sababu hawana haraka na wamezoea kubeba. Cha kuuliza ni magoti, siyo umri, na hasa magoti ya kushukia. Kushuka ndiko kunakoumiza. Muulizeni mapema, nyumbani, siyo pale chini ya mlima ambapo hatakubali kushindwa. Mkatie fimbo kabla ya kuingia hifadhini, maana ndani hukati kitu. Na mwambieni mwongozaji langoni, mbele yake kwa heshima, kwamba mama ndiye atakayepanga mwendo. Mwongozaji ataelewa, na mama atafurahi.

Akisema magoti hayafai, kuna njia fupi pale pale Mang'ula karibu na lango, kwenye maporomoko waliyoyapa jina la Prince Bernhard, yule wa Uholanzi aliyekuja kufungua hifadhi. Ni kama kilomita moja tu, na mara nyingi mbega wekundu wako njiani. Huko ataona msitu na maji, ingawa siyo sawa na Sanje, nisikudanganye.

Kuhusu kuoga mbele yake, hilo si swali la kipuuzi hata kidogo. Mkwe ni mkwe hata mlimani. Wenyeji wanafanya hivi: mkifika, mama anatandikiwa khanga mahali penye jua, nyuma kidogo ya mawe, mke wako anakaa naye wametumbukiza miguu kwenye kijito, na wewe unakwenda na watoto upande wa pili. Vaa pensi ndefu na fulana, uoge nazo. Usivae vile vichupi vya baharini, hata kijijini tutakusema. Mke wako aje na khanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifunga akitaka kulowa.

Wakiwa wamekaa hapo, waambie watege sikio. Kuna nyani anaitwa ngolaga, rangi ya kijivu, ana kishungi kichwani, anatembea sana chini akipekua majani. Anaishi kwenye milima hii ya Udzungwa tu, duniani hakuna kwingine. Wataalamu walimgundua 1979 kwa kusikia sauti yake karibu na kijiji chetu, wakamwita mangabey wa Sanje. Babu zetu walikuwa wanafukuzana naye mashambani muda wote huo, hakuna aliyewauliza. Asubuhi sauti yake inafika mbali. Ukipata bahati ya kumwona, kaa kimya, yeye mwenyewe atakuangalia.

Na mkifika juu, geukeni nyuma. Bonde lote la Kilombero liko chini yenu, kijani cha miwa mpaka macho yachoke. Mwezi wa nane ndio tuko kwenye mavuno, kwa hiyo mnaweza kuona moshi ukipanda mahali wanapochoma shamba kabla ya kukata. Yale masizi meusi yanapeperuka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa kwetu Msalise, mke wangu ananigombeza mimi kana kwamba ndiye niliyewasha. Mkiona lori limejaza kupita kiasi linapinda pale chini, pungeni mkono, labda ni mimi.

Nesi_Ifakara:

Naongezea la afya. Watu wengi wananiuliza kuhusu kichocho. Kichocho kinataka maji yaliyotulia yenye konokono, na binadamu wanaoyachafua. Maji yale yanatoka msituni ambako hakuna makazi, yanakwenda kasi na ni ya baridi, kwa hiyo hatari ni ndogo. Ni tofauti na madimbwi na mifereji ya huku bondeni, ambako watoto msiwaruhusu hata kwa dakika tano, hata wakiona wenzao wanaoga.

Mama kama anatumia dawa za presha azimeze kama kawaida asubuhi, na ale. Wazazi wetu wana tabia ya kusafiri na njaa. Na Ifakara kuna malaria, lala kwenye chandarua, usiku wa Alhamisi ndio utakaokutia matatani kuliko maporomoko.

Kibopa_wa_Buza:

Yaani nilipe hela serikalini nikaoge mtoni? Nyumbani kwetu Matombo mito imejaa, bure.

DerevaWaMiwa:

Mkuu Kibopa, Matombo naijua, ukaoge kwa amani. Huku Mtanzania mtu mzima halipi hata elfu kumi kuingia, watoto chini ya hapo, na mwongozaji analipwa kwa kundi. Mgeni wa nje ndiye anayelipa zaidi. BabaPacha, beba kitambulisho cha NIDA, na malipo ni kwa namba ya malipo kwenye simu, hawapokei noti mkononi. Weka pesa kwenye simu tangu Ifakara. Ile noti ya mkononi mtunzie mwongozaji mwishoni, kama ahsante, hasa kama amemvumilia mama.

Vya kubeba: maji ya kutosha, ndizi na karanga (nunueni barabarani Mang'ula, wamama wanaanza mapema), nguo za kubadili, na suruali ndefu. Mifuko ya plastiki mnajua imepigwa marufuku tangu 2019, chukueni kikapu. Suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Kukiwa na unyevu wanakatiza njia kwa mistari, na mtu wa mbele akipiga kelele "siafu!" husimami kuangalia, unaruka na kwenda. Anayesimama ndiye wanayempanda, na akishapandwa anavua suruali mbele ya mkwe, sasa hapo ile heshima yote tuliyoipanga inaishia.

BabaPacha_Tabata:

Nimecheka mpaka mke wangu amekuja kusoma. Ahsanteni wote, Nesi chandarua nimeandika.

Mama nimemuuliza habari ya magoti, kwa adabu zote. Amenijibu kwamba amelima Mahenge miaka yote, milima ya huko niipande kwanza mimi ndipo nimuulize. Kwa hiyo tunapanda. Ila ameuliza jambo: anataka kujua kama anaweza kushuka na chupa ya maji ya pale juu, anasema maji ya mlimani ni dawa.

DerevaWaMiwa:

Wa Mahenge! Ungesema tangu mwanzo nisingeandika yote hayo, atawasubiri nyie juu. Kuhusu maji, amuulize mwongozaji, yeye ndiye mwenye hifadhi siku hiyo.

Nesi_Ifakara:

Na akiruhusiwa, ayachemshe.