Fundi kang'oa kanista ya mkaa kwenye gari bila kuniambia, sasa watoto wanalala na harufu ya petroli

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Wiki tatu nyumba yetu hapa Ndeeba, Kampala, inanuka petroli. Gari nalilaza uani, hatua nne kutoka dirisha la watoto. Binti yangu mdogo anaamka na maumivu ya kichwa. Mke wangu anawashia sigiri hapo hapo uani! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na moto.

Nilikagua mfuniko wa tangi, nikakagua mipira, hakuna tone lililodondoka. Jumapili nikalala chini ya gari na tochi. Mahali pa kanista, lile kopo la kunasa mvuke wa petroli, hapana kitu. Mpira wa kwenda injini umezibwa kwa bolti yenye kutu iliyofungwa waya. Ule unaotoka kwenye tangi umekatwa kwa kisu na kuachwa wazi. Ukiusogezea pua, macho yanatoa machozi.

Mwezi uliopita nililipeleka gereji kwa sababu lilikuwa gumu kuwaka kila nikitoka kujaza mafuta. Likapona, nikalipa 60,000, nikashukuru. Kumbe dawa ndiyo hiyo. Nimemrudia fundi, ananijibu: "Mzee, hilo kopo ni la kule kwao, kwa joto letu halina kazi."

Halina kazi kwa joto letu? Jua likiwaka ndipo petroli inapogeuka mvuke kwa wingi! Kanista imejaa mkaa maalumu unaonasa mvuke huo gari likiwa limesimama. Ukiwasha injini, vali inafunguka, mvuke unavutwa na kuchomwa kama mafuta mengine. Kwa hiyo ni petroli yangu niliyoilipia, sasa inaishia mapafuni mwa wanangu. Na ndani yake mna benzini, inayosababisha saratani ya damu. California walilazimisha kifaa hiki kwenye magari mapya tangu 1970. Sisi mwaka huu tunakikata kwa kisu.

Na wale vijana wa pampu nao wasikilize. Bomba likijikata lenyewe, basi, tangi limejaa. Wao wanaongeza, wanatikisa gari, wanaongeza tena ili hela itimie elfu kamili. Petroli inapanda mpaka kwenye kanista, mkaa unalowa, gari linagoma kuwaka, fundi anang'oa. Ugonjwa wa gari langu ulianzia hapo, na mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia "jaza kabisa". Sikujua, hakuna aliyeniambia.

Serikali ilipitisha sheria 2018 kuzuia magari yaliyozidi miaka 15 yasiingizwe nchini. Sawa. Lakini gari likishaingia, nani anachungulia kilichong'olewa gereji?

Fundi nimempa mpaka Ijumaa arudishe kanista yangu au anunue nyingine. Gari sasa nalilaza barabarani, mbali na dirisha. Aliyefanyiwa hivi aseme hapa, na anayejua pa kupata kanista nzima, isiyolowa, hapa Kampala, tafadhali anielekeze leo.